UZI: Hatchback za kimichezo – mabawa makubwa na bampa za fiba zimeshuka bei, nini kimechukua nafasi yake?

Rimu_na_Bati (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Injini zina nyuzi zake, hapa tujadili sura tu. Hoja yangu ni kwamba ladha ya hatchback za kimichezo (magari madogo ambayo mlango wa nyuma unafunguka pamoja na kioo) imetoka kwenye kuongeza vitu ikaja kwenye kupunguza, na imekuwa hivyo kiwandani na mtaani pia.

Golf GTI ya 1976 ilijitofautisha na Golf ya kawaida kwa vitu vichache sana: mstari mwekundu kuzunguka grili, plastiki nyeusi kwenye madigadi, viti vya kitambaa cha miraba na gia yenye kichwa cha mpira wa gofu. Hivyo viti na hiyo gia ni kazi ya mbunifu Gunhild Liljequist. Rimu zilikuwa inchi 13. Peugeot 205 GTI ya 1984 ikafuata njia hiyohiyo, plastiki nyeusi yenye mstari mwekundu, basi. Halafu ikaja miaka ya kufura: Lancia Delta Integrale na madigadi yake, kisha Escort RS Cosworth ya 1992 na lile bawa la mbunifu Frank Stephenson. Mtaa ukaiga kwa fiba (fibaglasi). Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 90 hadi kama 2006 hivi kila mwenye Starlet, Civic au Golf alitaka bampa yenye mdomo wa papa, sketi za pembeni na taa za nyuma za kuiga Toyota Altezza.

Sasa weka Civic Type R FK8 ya 2017 pembeni ya FL5 ya 2022. FK8 ina matundu ya uongo mbele na nyuma, plastiki nyeusi zilizobandikwa juu ya madigadi, na rimu za inchi 20. FL5 upana wake umo kwenye bati lenyewe, hadi mlango wa nyuma umechongwa upya kufuata digadi, matundu yanapitisha hewa kweli, na rimu zimerudi inchi 19. Gari ni ileile kitabia, Honda wameifuta kelele usoni tu. Na ukiangalia magari yanayouzika haraka mkononi leo, lenye bodi ya kiwandani linamshinda lenye fiba hata kama lina kilomita nyingi zaidi.

---

Kasarani_Hatch

Naunga mkono nusu. Unaposema "kufura" unaziweka Integrale na Cosworth kapu moja na fiba za mtaani, na hapo unazionea. Madigadi ya Integrale yalipanuka ili yaingie matairi mapana na mwendo mrefu wa springi za rali, na hilo gari lilishinda Safari Rally hapa Kenya 1988 na 1989, dereva Biasion akiwa usukani. Bawa la Cosworth nalo liliwekwa kwa sababu sheria za Group A (daraja la magari ya rali) zilidai utengeneze magari 2,500 ya kuuza yanayofanana na la mashindano. Idadi ilipotimia, mteja aliruhusiwa kuagiza bila bawa.

GR Yaris ya 2020 ni hadithi hiyohiyo. Watu wanaisifu kwamba ni "safi", lakini ni pana kuliko Yaris yoyote. Ina milango mitatu, na paa limeinamishwa nyuma ili hewa ilifikie bawa la gari la rali. Haichoshi macho kwa sababu kila uvimbe una kazi. Kwa hiyo mimi sisemi ladha imehamia kwenye kupunguza. Watu wamechoka kudanganywa. Tundu likiwa wazi hakuna anayelalamika, chukua tochi umulike: ukiona plastiki yenye mashimo ya kuchora, hapo ndipo kejeli zinapoanza.

---

Pwani_Aero

Niongezee fizikia kidogo kwa sababu spoila inasemwa vibaya sana humu.

Hatchback nyuma imekatika ghafla. Hewa ikifika mwisho wa paa inaachana na bodi na kutengeneza mzunguko nyuma ya kioo, ndiyo maana kioo cha nyuma cha hatchback kinashika vumbi na matope kuliko cha gari la saluni (sedani). Spoila fupi ya ukingo wa paa inarefusha paa, inaipa hewa mahali safi pa kuachia, inapunguza mnyanyuko nyuma na ukinzani wa hewa kidogo. Hiyo ndiyo ya Vitz RS, Golf GTI na Swift Sport. Inafanya kazi na haipigi kelele.

Bawa la miguu mirefu linahitaji kukaa kwenye hewa isiyovurugwa. Ukilifunga chini kwenye mlango wa nyuma, usawa wa kioo, liko ndani ya ule mzunguko, halisukumi chochote. Unabeba kilo kadhaa za bure juu ya mlango. Na kilo hizo zina gharama: zile fimbo za gesi zinazonyanyua mlango zimepimwa kwa uzito wa mlango wa kiwandani. Ongeza fiba ya kilo 4 au 5 na mlango utaanza kukushukia kichwani, hasa asubuhi kukiwa na baridi maana gesi inapungua nguvu ikipoa. Ukifunga bawa, nunua fimbo zenye nguvu kubwa zaidi. Namba imeandikwa ubavuni mwa fimbo kwa N (nyutoni).

---

Digadi_Pana

Sababu nyingine ambayo hakuna aliyeigusa ni sheria za kulinda waenda kwa miguu Ulaya, zilizoanza kutumika 2005. Boneti ilibidi ipande juu ili ibaki nafasi kati ya bati na injini, kichwa cha mtu kikigonga kisikutane na chuma. Boneti ikipanda, mstari wa dirisha unapanda, milango inakuwa minene na vioo vyembamba. Ubavu mnene ukiuwekea rimu ya inchi 15 gari linaonekana limevaa viatu vya mtoto. Ndiyo maana rimu zikakua: Golf GTI ya kwanza ilikuwa na 175/70R13 (upana mm 175, ukuta asilimia 70 ya upana, rimu inchi 13) na uzito wa kama kilo 810, FK8 ikaja na 245/30R20.

Wabunifu wakabaki na maeneo makubwa matupu mbele na nyuma, wakayajaza kwa matundu ya uongo na plastiki nyeusi inayong'aa. Sidhani kama mtu alikaa akaamua "sasa tupende matundu". Walikuwa wanaficha unene.

---

Mgeni_wa_Vitz

Shikamooni wakubwa. Swali la vitendo. Vitz RS NCP91, nyeupe, ina spoila ya kiwandani. Nataka ipendeze kwa macho ya leo, isionekane kama gari la 2005. Kuna fundi ameniambia nianze na bampa ya fiba. Mnasemaje?

---

Rimu_na_Bati

Marahaba mdogo wangu. Fiba iache kwanza. Asilimia kubwa ya sura ya hatchback iko kwenye jinsi tairi linavyojaza digadi, anza hapo.

Vitz hiyo ni 4x100 (nati 4 kwenye duara la mm 100), tundu la katikati 54.1, nati za M12x1.5. Tairi la kiwandani 195/50R16, kipenyo chake ni kama mm 601. Ukienda inchi 17 chukua 205/40R17, inatoa mm 596, tofauti chini ya asilimia 1. Wauzaji wengi watakusukumia 205/45R17 kwa sababu wanayo: mm 616, gari linapanda, spidomita inasoma pungufu, na ukibeba watu nyuma tairi linaweza kusugua. Ila 40 ni ukuta mwembamba. Kama njia yako ina mashimo baki na 16, tafuta rimu pana zaidi ya ya kiwandani kwa nusu inchi. Itapendeza kuliko 17 iliyopinda.

Rimu za 4x100 za soko la mtumba nyingi zina tundu la katikati la 67.1 au 73.1 ili zikae kwenye magari mengi. Bila pete za kujaza nafasi hadi 54.1, rimu inakaa kwa nati peke yake, na ikikaa nje ya katikati kidogo tu utasikia usukani unatetemeka kuanzia 80 hivi hadi 110. Watu wanarudia kubalansi mara tatu, tatizo si balansi. Pete ni za bei ndogo. Za plastiki zinatosha matumizi ya kawaida, za alumini ni za mtu anayechemsha breki.

Nati kaza kwa spana ya kipimo, Nm 103, kwa mpangilio wa msalaba. Rudia baada ya kilomita 50 mpaka 100.

---

Kasarani_Hatch

Kwa wenye Golf, sheria ni tofauti na hapa ndipo watu huumia. Mk5 hadi Mk7 (kizazi cha tano hadi cha saba) ni 5x112, tundu 57.1, inatumia bolti za M14x1.5. Bolti za kiwandani zina kichwa cha mviringo kama mpira, rimu nyingi za nje zina shimo la koni ya digrii 60. Ukitumia bolti ya mviringo kwenye shimo la koni inagusa ukingo tu. Unakaza Nm 120, inaonekana imeshika, baada ya siku chache imelegea. Rimu hutoka njiani hivyo. Linganisha bolti na shimo kabla hata hujalipa.

Mambo ya ET (mm kati ya uso wa rimu unaogusa habu na katikati ya upana wa rimu; ikishuka, rimu inatoka nje): Mk5 GTI ya inchi 17 ni 7.5J (upana wa inchi 7.5) ET51. Tuseme umepata 8.5J ET45. Upana umeongezeka inchi 1, yaani mm 12.7 kila upande. ET imeshuka 6, kwa hiyo nje utatoka 12.7 + 6 = mm 18.7, ndani utaingia 12.7 - 6 = mm 6.7. Hesabu ya dakika moja. 8J ET45 inatoka nje kama mm 12 na ndani karibu hakuna mabadiliko, na hiyo ndiyo mimi ningechukua kwa gari linalobeba familia. Tairi 225/40R18 lina kipenyo cha mm 637 dhidi ya 634 za 225/45R17, kwa hiyo spidomita haidanganyi. Inchi 19 na 235/35 inapendeza kwenye picha. Kwa barabara zetu ni kununua rimu mara mbili.

---

Mgeni_wa_Vitz

Shukrani sana. Na kushusha? Fundi anasema anakata springi mizunguko miwili.

---

Digadi_Pana

Hapana. Springi iliyokatwa inakuwa ngumu zaidi lakini shokapu inabaki ileile, kwa hiyo gari linadunda. Ncha iliyokatwa haikai vizuri kwenye kiti chake, na ukiinyanyua gari kwa jeki springi inaning'inia, ukishusha inaweza kukaa vibaya. Nunua springi fupi zilizotengenezwa kwa gari hilo, mm 25 hadi 30 chini, usizidi hapo. Matuta yetu hayana kipimo kimoja. Ukishusha zaidi utaanza kukalia vizuizi vya mpira vya shokapu, na hapo sura yote ya bei kubwa inakuwa gari linaloruka kama chura.

Mm 30 tu inatosha kubadilisha pembe za magurudumu mbele. Tairi zitaisha upande wa ndani kimyakimya, wewe unaona nje ziko nzuri. Nyuma Vitz ina ekseli ya kipande kimoja, hairekebishiki kwa bolti, kwa hiyo usimwamini anayekuambia "nimekaza na nyuma pia".

---

Rangi_Mbili_Kilia

Nimesoma watu wanaikandia fiba, mimi niseme tofauti ya vitu kabla hamjaitupa yote. Geuza bampa uangalie ndani. Ya kiwandani utakuta imechapwa >PP+EPDM< au kitu kama hicho. Ni plastiki inayopinda na kurudi. Midomo ya chini ya kisasa mingi ni plastiki ya ABS au PP. Fiba haipindi, inapasuka, na karibu kila mara inaanzia kwenye mashimo ya bolti. Kama ni lazima uifunge, ongeza mkeka wa fiba na resini ndani kwenye kila shimo, weka washa (washer) pana, na acha nafasi ya mm 2 au 3 isikabane na digadi.

Rangi ndiko wengi wanakoharibu.

Fiba mpya inakuja na nta ya kuitolea kwenye kalibu. Usipoiosha kwa sabuni kisha kwa dawa ya kuondoa mafuta, rangi itafunguka vishimo kama macho ya samaki. Pia inaendelea kutoa mvuke wa resini, iache juani siku kadhaa kabla ya kupaka. Wanaopaka siku ileile ndio wanaorudi na malengelenge. Msasa P180 hadi P240, ziba vitundu kwa puti nyembamba, praima ya vipande viwili yenye hadina (kigumishi), kisha msasa wa maji P400 mpaka P600, ndipo rangi. Klia (tabaka la juu lisilo na rangi) tabaka mbili.

PP ni kinyume. Haitaki msasa mkali, inataka praima ya kushikisha rangi. Sugua kwa skochibraiti ya kijivu, safisha, pulizia praima ya plastiki tabaka moja jembamba, kisha endelea ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo. Bila hiyo praima rangi inakaa vizuri hadi siku ya kwanza ya mashine ya kuoshea yenye presha, halafu inatoka kama ganda. Tabaka za rangi zipe dakika 10 hadi 15 kati yake. Na nyeupe ya Vitz ya zamani imeshachuja, usipake kwa namba ya rangi tu, pimisha kwa kipande.

---

Pwani_Aero

> Rangi_Mbili_Kilia: "karibu kila mara inaanzia kwenye mashimo ya bolti"

Na bati vilevile, upande wa spoila. Ukitoboa mlango wa nyuma, umeondoa zinki na praima ya kiwandani. Kwarua kingo, paka praima ya kuzuia kutu ndani ya shimo, acha ikauke, ndipo ufunge. Usizibe kwa silikoni inayonuka siki. Ile harufu ni asidi, inakula chuma chini ya spoila na hutaona hadi rangi ivimbe. Tumia poliyurethani ya magari. Huku Pwani kwenye chumvi kosa hilo halichelewi kuonekana.

---

Lenzi_Safi

Taa. Zile za Altezza zilikuwa za kiwandani 1998 na zilikaa vizuri kwenye gari lake. Za kuiga ziliua magari mengine yote. Leo taa bora kwa hatchback ya zamani ni taa yake yenyewe ikiwa safi.

Lenzi ya njano ni polikaboneti iliyopoteza ngozi yake ya kuzuia jua. Dawa ya meno inaing'arisha wiki chache tu kwa sababu inasugua bila kurudisha ngozi. Fanya hivi: zungushia gundi ya karatasi (masking tape), msasa wa maji P800 mpaka manjano yote yaishe na maji yatoke meupe, kisha P1500, P2000, P3000. Ikikauka safisha kwa spiriti na upulizie klia yenye hadina na kinga ya jua, tabaka mbili. Kama mikwaruzo ya P800 inaonekana bado, rudi nyuma. Klia haifichi. Kama njano iko ndani ya lenzi, msasa hautasaidia, na kama kuna ukungu ndani, mara nyingi ni mpira wa kuziba umekufa.

---

Digadi_Pana

Kuna mrejesho mwingine unaokuja, nauona kwenye za umeme. Renault 5 ya umeme ya 2024 imechukua sura ya ile ya zamani hadi kile kitundu cha boneti, sasa ni taa ya kuonyesha chaji. Alpine A290 ni ndugu yake wa kimichezo. Mistari mifupi, magurudumu pembeni kabisa. Ioniq 5 N nayo ina kona zilizonyooka na mistari ya chungwa chini, ingawa kwa uzito ule wa kama tani 2.2 siwezi kuiita hatchback ndogo hata kidogo.

Hii ni salamu kwa miaka ya 80 zaidi kuliko ni kupunguza. Rimu_na_Bati utakubali hapo?

---

Rimu_na_Bati

Nakubali kwa Renault. Lakini angalia GTI: Mk4 waliutoa hata mstari mwekundu, ikapotea kati ya Golf za kawaida, na Mk5 ya 2004 wakaurudisha pamoja na pua nyeusi ya sega la nyuki. Mtu akipunguza mpaka asijulikane, amepitiliza. Kasarani_Hatch yuko sahihi zaidi kuliko nilivyoanza: kinachotakiwa ni kila kitu kiwe na kazi au kiwe na asili.

Plastiki nyeusi ya kukwaruza iliyochuja, msiipake mafuta ya silikoni, inashika vumbi na mvua ya kwanza inaondoka na michirizi kwenye rangi. Kupitisha hewa ya moto kunairudisha weusi kwa muda, ila unatoa mafuta yaliyomo ndani na ukizidisha inapinda. Dawa ya seramiki ya plastiki hudumu zaidi, ila osha kwanza hadi kitambaa cheupe kitoke cheupe.

---

Mgeni_wa_Vitz

Nimeelewa. Kwa hiyo: alaimenti, springi, rimu 16 na pete, taa, halafu mdomo wa PP uliopakwa rangi ya gari. Paa nataka stika nyeusi inayong'aa.

---

Kasarani_Hatch

Alaimenti iwe baada ya springi kukaa, si kabla. Endesha kilomita 200 au 300 springi zishuke mahali pake ndipo upime. Rimu zifunge kabla ya kupima.

Stika ya paa sawa, lakini toa antena na mipira ya pembeni, usikatie kisu juu ya rangi. Nyuma ikunjie chini ya spoila mm 5 hivi, ipashe moto ishike, vinginevyo upepo unaanza kuifungulia hapo hapo. Na ukibadilisha rangi ya gari zima, rangi kwenye kadi ya gari lazima ibadilishwe pia. Paa peke yake kwa kawaida halileti shida, ila muulize afisa wa usajili wa kwenu kabla hujakata stika.

---

Rangi_Mbili_Kilia

Na kabla ya stika, kagua klia ya paa. Nyeupe za umri huo huanza kubabuka juu kwanza kwa sababu ya jua. Bandika gundi ya karatasi, ivute haraka. Ikitoka na klia, paka rangi paa hilo, stika itaondoka nayo.